Kutoka 116 hadi Mahakama ya Watoto: tathmini ya huduma ya ulinzi wa mtoto Tanzania Bara

Mtoto akipigwa, akibakwa, akinyimwa matunzo au akitolewa shule ili aolewe, sheria ya Tanzania Bara imeshapanga nani apokee taarifa, nani amtibu, nani apeleleze na nani aamue. Mlolongo huo wote ni huduma ya umma, na kama huduma nyingine yoyote una sehemu zinazofanya kazi vizuri na sehemu zinazomwangusha anayeitegemea. Hapa tunaupima hatua kwa hatua, kwa ajili ya mzazi, mwalimu, jirani au mwenyekiti wa mtaa atakayelazimika kuutumia.

Maoni yetu tuyaseme mapema. Sheria zenyewe, ukiacha mashimo kadhaa tutakayoyaonyesha, ni nzuri. Kinachoharibika ni makabidhiano. Kesi hufia njiani kati ya mtaa na dawati la polisi, kati ya dawati na daktari, kati ya daktari na mahakama, na mara nyingi inauawa na karatasi iliyojazwa vibaya na mtu aliyekuwa na nia njema kabisa.

Sheria yenyewe

Msingi ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kuridhia alifikisha umri wa utu uzima bila kuwa na sheria moja inayomhusu. Kabla ya 2009 mambo yake yalikuwa yametawanyika: matunzo huku, kuasili kule, makosa ya watoto kwenye sheria ya enzi za ukoloni. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011 na taasisi zake, kwa hiyo msomaji wa Unguja na Pemba asichukue namba za vifungu hapa kuwa ndizo za kwake. Namba tunazotaja ni za sheria ya Bara kama ilivyotungwa.

Kifungu cha 4 kinasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba maslahi bora ya mtoto ndiyo yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu. Cha 6 kinampa jina, uraia na haki ya kuwajua wazazi wake. Cha 8 kinaorodhesha anachodaiwa mzazi: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Wengi wanashangaa kuona mchezo umeandikwa kwenye sheria. Umeandikwa, na uko sawa na chakula. Cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa. Adhabu ya kuvunja haki hizi, kwa kifungu cha 14, ni faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Makosa mazito zaidi, kama ubakaji na ukeketaji, yako kwenye Kanuni ya Adhabu na yana adhabu zake.

Kwa upande wa kazi, umri wa chini ni miaka 14, na hapo ni kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma wala kuumiza afya yake. Kazi za usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ni marufuku kwa kila aliye chini ya 18. Binti wa kazi wa miaka 15 anayeamshwa saa kumi alfajiri kupika chapati za biashara ya mwenye nyumba yuko ndani ya katazo hilo, hata kama analipwa vizuri na anakula na familia.

Kwa maandishi, tunaipa sheria hii alama za juu. Sasa tuingie kwenye utendaji.

Mlango wa kuingilia

Milango iko mitatu: serikali ya mtaa au kijiji, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na simu namba 116.

Kifungu cha 95 kinamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi ana uwezo lakini anakataa kumtunza mwanawe, atoe taarifa kwa serikali za mitaa za eneo hilo. Ni wajibu, wala si hisani. Jirani anayesema "hayo ni ya kwao" anaenda kinyume cha sheria.

116 ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeogopa kujulikana. Ni ya bure kwa mitandao yote, inapokea simu saa 24, na inaendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na serikali. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kabla ya kupiga andaa majibu haya: mtoto yuko kijiji au mtaa gani, kata gani, wilaya gani, ana umri gani, anasoma shule gani, anaishi na nani, anayetuhumiwa analala nyumba moja naye au la, na je, kuna hatari ya leo hii. Jibu la swali la mwisho ndilo linaloamua kasi. Usianze na historia ya ugomvi wa wazazi. Anza na mtoto alipo na hali aliyonayo sasa. Mwisho omba namba ya kumbukumbu na uulize taarifa inapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri gani, ili ujue kesho umfuatilie nani.

Udhaifu wa 116 ni kwamba yenyewe haina gari wala pingu. Inapokea, inashauri, inaunganisha. Ikishamuunganisha mtoto na halmashauri yenye afisa mmoja na kata zaidi ya ishirini, kasi inakuwa ya afisa huyo. Anayepiga na kukaa kusubiri kwa kuamini "wenyewe wanakuja" mara nyingi atasubiri sana. Piga, kisha fuatilia.

Serikali ya mtaa ndiyo iliyo karibu zaidi, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mwenyekiti anawajua wote wawili, anayelalamika na anayelalamikiwa. Ubakaji wa mtoto unakaliwa kikao, inaandikwa karatasi ya makubaliano, inatolewa fedha au mifugo, na kila mtu anarudi kwake isipokuwa mtoto, ambaye anarudi jirani na aliyemfanyia. Tuseme bila kuzunguka: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata na wazee wa ukoo hawana mamlaka ya kusuluhisha kosa la kujamiiana dhidi ya mtoto. Karatasi hiyo haimzuii polisi kufungua jalada. Madhara yake yako kwingine: ikishasainiwa, mama anakataa kuja mahakamani, mtoto anahamishiwa kwa bibi mkoa mwingine, na mwendesha mashtaka anabaki na mshtakiwa bila shahidi.

Dawati la Jinsia na Watoto liko kwenye vituo vya polisi vya wilaya na baadhi ya vituo vidogo. Yapo zaidi ya 400 nchini. Dawati likiwa na chumba chake cha faragha na askari aliyepata mafunzo, tofauti inaonekana tangu dakika ya kwanza. Mtoto anahojiwa amekaa, mlango umefungwa, na haulizwi "kwa nini hukupiga kelele". Mahali ambapo dawati ni meza tu pembeni ya kaunta, mtoto anasimulia mbele ya waliokamatwa na waliokuja kulalamikia simu zilizoibwa. Ukikuta hivyo, omba chumba. Ni haki yake, na askari wengi wakiombwa kwa heshima hutafuta nafasi. Usiondoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni, na jina la mpelelezi. Bila hivyo viwili, ukirudi baada ya wiki mbili utaanza upya na askari mwingine wa zamu.

Saa 72 za kwanza

Hapa ndipo tunaporefusha, kwa sababu hapa ndipo kinachopotea hakirudi.

Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono anatakiwa afike hospitali ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanza kutolewa ndani ya muda huo tu, na zinamezwa siku 28 mfululizo. Kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi, kwa hiyo saa ya sita ni bora kuliko saa ya sitini. Binti aliyekwisha kuvunja ungo hupewa pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba, na hii inaweza kutolewa hadi saa 120, ingawa nayo hupungua nguvu kila saa inayopita.

Kosa la kwanza la familia ni kumwogesha mtoto. Linafanyika kwa upendo, na linafuta ushahidi. Asiogeshwe, asibadilishwe nguo kama inawezekana, zikibadilishwa, zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa gazeti. Mfuko wa nailoni hufanya nguo itoe unyevu na kuvunda, na kilichokuwa juu yake kinaharibika kabla ya kufika maabara. Zikabidhiwe kwa mpelelezi, na makabidhiano yaandikwe: nani kampa nani, lini, wapi. Nguo iliyopita mikono mitatu bila maandishi haina thamani kubwa mahakamani.

PF3 ni fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali. Inatolewa kituoni, na haipaswi kulipiwa. Polisi anajaza sehemu yake, daktari anajaza yake, inarudi kituoni na kuingia kwenye jalada. Mtoto anayevuja damu asirudishwe kwa sababu hana fomu: matibabu ya dharura yanaanza, PF3 inafuata, na mzazi anaweza kubaki na mtoto huku ndugu akikimbilia kituoni.

PF3 nyingi zinaharibika kwa vitu vidogo. Jina la mtoto limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye cheti: Zuhura huku, Zuhra kule. Tarehe ya uchunguzi haipo. Mwandiko hausomeki. Daktari ameandika hitimisho la maneno matatu bila kueleza aliona nini, wapi, mchubuko wa ukubwa gani, mpya au wa zamani. Wakili wa utetezi hahitaji kingine. Kabla fomu haijaondoka hospitali, mzazi aisome: jina, umri, tarehe na saa ya uchunguzi, maelezo ya alichokiona daktari, jina la daktari lililoandikwa wazi, sahihi na mhuri. Kukiwa na kosa, arekebishe daktari mwenyewe palepale.

Mahakamani nako kuna mtego. PF3 ikishapokelewa kama kielelezo inatakiwa isomwe kwa sauti, mshtakiwa aisikie. Isiposomwa, Mahakama ya Rufani huiondoa kwenye kumbukumbu, na imefanya hivyo mara nyingi. Huo si uzembe wa mzazi, lakini mzazi aliyekaa ukumbini anaweza kumkumbusha mwendesha mashtaka wakati wa mapumziko.

Sehemu bora ya huduma nzima, kwa maoni yetu, ni vituo vya mkono kwa mkono ndani ya hospitali, kama kile cha Amana, Ilala. Daktari, polisi, afisa ustawi na mnasihi wako chini ya paa moja, na mtoto anasimulia mara moja badala ya mara nne. Kila simulizi ya ziada inamuumiza upya, tena inaongeza uwezekano wa kutofautiana na ya kwanza, na tofauti hizo ndizo zitakazosomwa kwa sauti na wakili wa mshtakiwa. Tatizo la vituo hivi ni uchache wake tu. Ukiwa karibu na kimoja, nenda hapo kwanza kabla ya kituo cha kawaida.

Umri unathibitishwaje

Mashtaka ya kubaka mtoto yanasimama juu ya umri. Chini ya miaka 18, kukubali kwake hakuna maana kisheria. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa msichana aliye chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kwa uzito huo mahakama haitakubali umri wa kukadiria kwa macho. Imeshatokea mtu kuachiwa kwa rufaa kwa sababu hati ya mashtaka ilisema miaka 14 na hakuna shahidi hata mmoja aliyesema chini ya kiapo mtoto alizaliwa lini.

Uthibitisho unaweza kutoka kwa mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa. Mama akisimama kizimbani, asiseme tu "ana miaka kumi na mbili". Ataje tarehe, mwezi, mwaka na mahali alipojifungulia, na kadi ya kliniki aje nayo. Rejesta ya shule inasaidia pia.

Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa ni chombo cha ulinzi kabla ya kuwa chombo cha kuombea shule au pasipoti. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulionyesha takribani robo tu ya watoto wa chini ya miaka mitano ndio waliosajiliwa. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, imeleta mpango wa kuwasajili watoto wa umri huo bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, kwa simu, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambazwa mkoa kwa mkoa. Huu ni utekelezaji wa sera tunaousifu bila masharti: huduma imesogezwa mama anakopeleka mtoto kwa chanjo, badala ya kumwita mama makao makuu ya wilaya. Angalizo moja: soma cheti kabla ya kuondoka, herufi kwa herufi. Kurekebisha jina baada ya miaka kumi kunachosha na kunagharimu.

Ahadi ya kusema kweli

Tangu marekebisho ya mwaka 2016, kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, kwa sharti moja: kabla hajaanza, aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Ni hatua ndogo na kubwa kwa pamoja. Zamani hakimu alimfanyia mtoto mtihani mrefu wa kupima akili na uelewa wa kiapo, ukikosewa ushahidi unaporomoka. Sasa Mahakama ya Rufani imetoa maswali mepesi: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema kweli na kutosema uongo.

Hata hivyo kesi zimeanguka hapa. Hakimu ameandika "shahidi ameahidi" na kuendelea, au hakuandika kitu kabisa. Ahadi inatakiwa iwe ya mtoto, kwa maneno yake, nayo iandikwe: "Naahidi kusema ukweli na sitasema uongo." Afisa ustawi na mwendesha mashtaka wana kazi ya kumwandaa mtoto kwa hili kabla ya siku ya ushahidi. Kumwandaa maana yake ni kumweleza chumba kitakuwaje, nani atauliza, na kwamba akiwa hajui aseme hajui. Kumkaririsha maneno ya kesi ni kuiua kesi. Maswali matatu ya utetezi yanatosha kulifichua.

Sheria hiyohiyo inaruhusu mtu kutiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Anayekuambia "hakuna shahidi mwingine, achana nayo" amekupotosha.

Afisa ustawi, matunzo na malezi ya muda

Mahakama ya Watoto imeanzishwa na kifungu cha 97. Inakaa faraghani, bila gauni wala kelele za kawaida, na afisa ustawi anatakiwa awepo. Kanuni zake za mwaka 2016 zimeeleza taratibu vizuri. Mashauri mengi humo ni ya matunzo, na ndiyo yanayogusa watoto wengi kuliko yote.

Ombi la matunzo linaweza kuletwa na mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi, au mtoto mwenyewe kupitia mtu wa kumwakilisha. Kwa kawaida huanzia ofisi ya ustawi: mzazi asiyetunza anaitwa, wanakubaliana kiasi, wanasaini. Akikaidi, shauri linapelekwa mahakamani. Ukienda na maneno "hatoi hela", utaondoka na amri ya kiasi kidogo. Hakimu anaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za eneo husika. Basi nenda na karatasi yenye hesabu ya mwezi: chakula, pango, nauli ya shule, dawa, sare, stakabadhi zilizopo, na upande wa pili, jina la mwajiri wake, namba ya bodaboda anayomiliki, ukubwa wa shamba, fremu anayopangisha. Omba malipo yapitie benki au simu ili yaache kumbukumbu. Malipo ya fedha taslimu ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi wa baadaye.

Mtoto asiyeweza kubaki nyumbani anaweza kuwekwa chini ya uangalizi kwa amri ya mahakama, isiyozidi miaka mitatu au hadi atimize 18, lolote litangulialo. Zipo pia familia za kuaminika, watu waliopitiwa na kufunzwa na ustawi ili kumpokea mtoto kwa dharura. Hizi ni bora mara kumi kuliko kumlaza mtoto kituo cha polisi au kumkimbiza kwenye makao ya watoto mbali na shule yake. Halmashauri nyingi zina orodha fupi mno, na wanaojitolea hulisha kwa mfuko wao wenyewe. Hapa ndipo fedha za halmashauri zinapotakiwa kuonekana.

Kwa jumla ofisi ya ustawi ndiyo kiungo ambacho sheria imekitwika kila kitu: kuchunguza, kuandika taarifa ya hali ya kijamii, kukaa mahakamani, kukagua makao na vituo vya kulelea watoto mchana, kusuluhisha wazazi. Kisha afisa mwenyewe hana usafiri. Akikuomba umchangie mafuta, usimwone mla rushwa papo hapo, lakini pia usizoee. Peleka barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ukieleza shauri limekwama kwa kukosa usafiri. Barua hiyo ikigongwa mhuri wa kupokelewa inafanya kazi kuliko malalamiko kumi ya mdomo.

Mtoto akiwa mshtakiwa

Chini ya miaka 10 hana jinai. Kati ya 10 na 12 anaweza kushtakiwa tu ikithibitishwa alikuwa na uwezo wa kujua anachofanya ni kosa. Mahakama ya Watoto haimfungi mtoto jela. Iko njia ya uangalizi, faini kwa mzazi, au Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, ambayo ni moja kwa nchi nzima. Mahabusu za watoto nazo zinahesabika kwa vidole, kwa hiyo mikoa mingi bado inaangukia kwenye magereza ya wakubwa, wakati mwingine kwa sababu askari ameandika umri 18 kwa kukisia. Mzazi awahi na cheti siku ya kwanza.

Sera na kamati

MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulianza 2017/18 ukiwa na lengo la kupunguza ukatili kwa nusu ndani ya miaka mitano, na awamu ya pili ikazinduliwa 2024. Chimbuko lake ni utafiti wa 2009 uliokuta karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mpango ulileta kamati za ulinzi kuanzia kijiji hadi taifa. Kamati ikiwa na mwalimu, mhudumu wa afya, kiongozi wa dini, polisi kata na watoto wenyewe, inajua binti aliyeacha kuja shule kabla hajatoroshwa. Kamati iliyopo kwenye muhtasari tu haijui chochote. Uliza kwenye mkutano wa kijiji: kamati ilikaa lini mara ya mwisho, na muhtasari uko wapi.

Mashimo ya sheria

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016, katika shauri la mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Miaka mitano baadaye Bunge lilikuwa bado halijabadili maandishi. Kwa mwanafunzi kuna kinga nyingine, na ndiyo ya kutumia: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanampa miaka 30 jela anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na anayesaidia ndoa hiyo, akiwemo mzazi, anakabiliwa na faini isiyopungua milioni tano au kifungo cha miaka mitano. Mkuu wa shule anatakiwa kutunza kumbukumbu za matukio haya na kuyatolea taarifa kila robo mwaka. Tatizo ni binti aliyemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea: si mwanafunzi tena, na kinga hii inamwacha palepale anapoihitaji. Binti aliyejifungua, kwa upande wake, anaruhusiwa kurudi shule tangu waraka wa Novemba 2021. Mkuu wa shule anayemkatalia hana pa kujificha.

Ukeketaji wa aliye chini ya 18 una kifungo cha miaka 5 hadi 15, lakini kifungu kilichoingizwa 1998 kiliacha mbadala wa faini isiyozidi shilingi laki tatu. Kwa ngariba anayelipwa kwa kila kichwa, kiasi hicho kinarudi ndani ya msimu mmoja wa ukeketaji wa Desemba. Mwanya huo unatakiwa kuzibwa, na kinga ipanuliwe kwa waliovuka 18.

Kisha kuna fimbo. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mateso na adhabu za kudhalilisha, lakini kinaacha nafasi ya adhabu "ya kiasi". Kanuni za shule za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Tunataka viboko viondoke kabisa. Hadi hapo, mzazi ambaye mwanawe amerudi na alama mgongoni aende shuleni aombe kuona kitabu hicho: tarehe, kosa, idadi, jina la aliyechapa, sahihi ya mkuu. Shule nyingi hazina kitabu. Basi kiboko hicho kimepigwa nje ya kanuni, na malalamiko yanaandikwa kwa afisa elimu wa kata, nakala kwa afisa ustawi, pamoja na PF3 kama mtoto ameumia.